Solange Alipenda Nyama

Siku ya kuondoa matanga, Deo alisimama mbele ya watu, akamshika binti yake bega, akasema kwamba marehemu mke wake alikuwa mwanamke wa kujinyima. Alisema na mengine ambayo wanaume waliofiwa na wake zao husema, na watu walimwitikia vizuri. Kisha akasema: "Hata nyama hakukuwaka anapenda. Miaka yote, tukichoma nyama hapa, yeye anajikalia na ndizi yake na maharage, anaachia batoto." Mama mmoja wa kanisani akapangusa macho, akasema kwamba kweli huyo alikuwa mama. Mimi nilikuwa nimeketi karibu na mlango, sahani magotini, na damu ikanipanda mpaka masikio yakawaka. Nimekasirika mara nyingi maishani. Mtu aliyeishi Goma kwa umri wangu bila kukasirika, huyo sijui ameishi wapi. Lakini hasira ile haikuwa ya siku ile. Nilikuwa nayo tangu ujana, nimeilisha na kuinywesha mwenyewe kwa miaka zaidi ya ishirini. Solange alipenda nyama. Aliipenda kuliko mtu yeyote niliyewahi kuketi naye mezani. Kuna mwaka mmoja ambao yeye na mimi tuliuzunguka mji huu wote tukitafuta mahali wanapojua kuchoma kidari cha ng'ombe, na mwaka huo nitausimulia mimi, kwa sababu mwenyewe yuko kaburini, na yule mwingine aliyekuwepo amechagua kusema uongo mbele ya padri.

Ulikuwa mwaka uliofuata ile lava ya volkano iliyopita katikati ya mji. Watu walikuwa wamerudi na kujenga palepale, nyumba za mbao juu ya mawe ambayo, mvua ikinyesha, bado yalitoa mvuke. Solange na mimi tulipanga chumba kimoja katika mtaa wa Ndosho: vitanda viwili, pazia la kitenge katikati, jiko la makala, yaani makaa, nje chini ya bati, na vumbi jeusi lililoingia hata ndani ya sukari. Mimi nilitoka upande wa Bukavu, yeye milima ya Masisi, kwa watu wa ng'ombe. Tulikuwa makarani katika ajensi moja ya mizigo, tukipiga mihuri kutwa nzima, na jioni tulirudi kupika sambaza, wale dagaa wa ziwani, au sombe ya majani ya muhogo, kwa bugali. Mbao za ukuta zilikuwa nyembamba, kwa hiyo tulikula pamoja na majirani bila kualikwa. Karibu kila jioni mke wa jirani alimwuliza mumewe, "Ulikula?" Naye alijibu, "Nilikulaka kwa nganda." "Ulikula nini?" "Nyama." Kisha sauti ya mwanamke akikwangua sufuria. Nganda ni baa yenye moto nyuma yake, na katika mji wetu mwanaume aliyetoka kazini hupita huko kwanza, akafika nyumbani ananukia moshi na hana njaa. Jioni moja Solange aliweka chini tonge lake la bugali, akasikiliza sufuria ile ikikwanguliwa, akaniambia: "Odette, mi nataka kula kule banaume banakulaka. Na pesa yangu. Nikae kwa kiti, nigojee, baniletee."

Kulikuwa na tatizo moja, nalo lilikuwa mbuzi. Nganda za Goma zinachoma mbuzi, na kwao Solange mwanamke hagusi nyama ya mbuzi. Wasichana waliambiwa kwamba ukiila utaota ndevu. Yeye mwenyewe alilicheka jambo hilo la ndevu. Alisoma sekondari, hakuwa mjinga. Lakini mdomo una mazoea yake, na mbuzi hakuwahi kupita katika mdomo ule. Alichokitaka ni ng'ombe, na katika ng'ombe alitaka kidari, ile nyama ya kifuani yenye tabaka la mafuta juu. Nyumbani kwao, ng'ombe akichinjwa, kidari kilichomwa polepole tangu asubuhi na kupelekwa kwa wageni wanaume waliokaa chini ya kibanda. Wasichana walipewa mchuzi. Utoto wake wote alikinusa kikipita mbele yake kwenye sinia. Aliponieleza hayo hakuwa analalamika, alikuwa anaeleza tu, na mimi ndiye niliyekasirika kwa niaba yake. Pengine hapo ndipo kazi hii ya kukasirika kwa niaba ya Solange ilipoanza, na sijapata likizo hadi leo.

Tulianza kutafuta kila Jumamosi. Karibu na soko kuu walituletea nyama iliyokaushwa hadi ikawa kandambili, na tulipolalamika mchomaji alisema ng'ombe ndivyo alivyo. Katika barabara ya uwanja wa ndege walisema wana kidari, kumbe walikuwa na mbavu. Tukajifunza. Usiagize ukiwa umekaa. Simama, nenda nyuma kwenye ndoano, uone nyama yenyewe kabla haijakatwa. Ibonyeze. Mafuta yawe meupe, yasiwe ya njano kama ya ng'ombe mzee. Mwambie mchomaji asiikate vipande vidogo, asiiweke juu ya moto unaowaka, angoje makala yatulie na kuvaa majivu. Kisha ukae usubiri, kwa maana kidari hakikubali haraka. Siku moja tulivaa vizuri, tukashuka hadi hoteli moja kando ya ziwa, yenye vitambaa vyeupe mezani. Mhudumu alikuja, akatazama viti vilivyobaki wazi.

"Bamama, nani anakuya?"

"Hakuna mutu anakuya," Solange alisema. "Ni shiye bawili."

"Basi nitaleta menyu akifika."

"Nani akifika?"

Mhudumu alitabasamu kwa adabu, akaenda zake, wala hakurudi. Tulikaa pale tukitazama wanaume wakila. Walikuwepo watu wa mashirika, wafanyabiashara, na mwanajeshi mmoja mwenye tumbo, na kila mmoja aliletewa sahani kabla hata ya kuvua miwani. Tulitoka bila kula. Nilitaka kwenda kugombana na mwenye hoteli, Solange akanivuta mkono. Njiani alicheka sana, akamwiga yule mhudumu, nami nikacheka pia, lakini ninapoandika haya sicheki. Nimepita mbele ya hoteli ile mara nyingi. Sijawahi kuingia tena.

Tulichokitafuta kilikuwa nyuma ya nyumba yetu. Muzee Safari alikuwa na nganda Ndosho humohumo, ua wa mawe ya lava na paa la turubai, viti vya plastiki, na redio iliyokosa kifuniko cha betri. Alinunua ng'ombe waliotoka Masisi kwa miguu. Pale kwake palikuwa na utaratibu ambao sikuuona kwingine: kila mwenye nyama alichukua kifuniko cha chupa kilichotobolewa, chenye waya, akakifunga mwenyewe kwenye kipande chake kabla hakijaenda motoni. Moto ulikuwa mkubwa, vipande vingi, na bila kifuniko watu wangepigana. Kifuniko hakikutoka mpaka nyama ifike mezani, na mwenye kifuniko ndiye aliyekata na kuonja wa kwanza, wengine walingoja. Solange aliupenda utaratibu ule kupita kiasi. Alichagua kifuniko cha rangi ya machungwa, na badala ya kukirudisha alikiosha na kukiweka katika mkoba wake, akawa anakuja nacho kila Jumamosi. Nakumbuka kidari cha kwanza. Tulikiagiza mchana, tukakaa tukinywa soda, moshi ukatuingia katika nywele, watu wakaja wakala brosheti zao, mishikaki ya mbuzi, wakaondoka, sisi tukangoja. Kilipofika juu ya ubao, mafuta yalikuwa bado yanatoa sauti. Solange alikata ncha, ile yenye mafuta mengi, akaichovya katika chumvi na pilipili, akaitia mdomoni, akafumba macho. Alipofumbua aliniambia, "Kumbe balikuwa banatuficha hii." Tulikula hadi tukalamba ubao. Sikupata kumwona tena akiwa na furaha kama ile, hata siku ya harusi yake, na siku ya harusi yake nilikuwa nimesimama karibu naye.

Deo aliingia katika Jumamosi zetu baada ya pasaka. Alishughulikia makaratasi ya mizigo mpakani, kijana mrefu, safi, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kulipia watu bia. Alimpenda Solange, sitasema hakumpenda. Mambo yalikwenda haraka. Wazee walionana, na ng'ombe wa mahari wakapandishwa Masisi. Akawa anakuja nasi kwa Muzee Safari, yeye na rafiki zake wawili wa kazini, wakala mbuzi wao na kutazama jinsi Solange anavyofunga kifuniko chake. Jambo la mbuzi lilimchekesha Deo. "Uko mutu wa mji sasa," alimwambia. "Achana na mambo ya kijiji." Solange alimjibu bila ugomvi, nami nilikuwepo: "Siku nitataka mbuzi, nitakula mbuzi. Mi mwenyewe nitasema." Sentensi hiyo ni nyepesi kabisa. Mtoto angeielewa.

Jumamosi moja tulifika wote watano. Solange alikwenda nyuma, akabonyeza kidari, akafunga kifuniko chake, akarudi kukaa. Deo aliinuka mara kadhaa kwenda motoni, akisema anawaharakisha. Nyama ilipokaribia, akanigeukia: "Odette, utuletee ndizi ya kuchoma pale ngambo, hapa zimeisha." Nilikwenda. Mimi nimekula mbuzi tangu nilipoota meno. Ningemjua kwa harufu tu, hata kwa hatua kumi, na Deo alilijua hilo. Niliporudi na ndizi zangu, Solange alikuwa anatafuna, na mbele yake, juu ya ubao, kulikuwa na nyama iliyotolewa mifupa, imejaa pilipili na limau, na kifuniko cha rangi ya machungwa kimefungwa juu yake. "Odette, kuya uonje," aliniambia. "Leo Muzee amefanya kitu ingine. Iko tamu sana." Harufu ilinifikia kabla sijakaa. Nikafungua mdomo kumwambia, nikachelewa. Deo alitoa kitu kilichofungwa katika gazeti chini ya kiti chake, akakifungua, akaweka mezani kwato ya mbuzi. "Ile unakula njo hii, ni mbuzi," alisema. Rafiki zake wakaanguka kwa kicheko. Mmoja alijipapasa kidevu kumwonyesha mahali ndevu zitakapoota. Meza za jirani ziligeuka, zikaelezwa, nazo zikacheka. Na Solange akacheka. Kicheko kifupi, cha adabu, kile tulichokitumia kazini kwa wakubwa. Kisha akafungua waya polepole, akakitia kifuniko katika mkoba, akanawa mikono, akaondoka. Niliziacha ndizi mezani, nikamfuata.

Tulitembea juu ya mawe, viatu mkononi. Nilimwuliza kama amekasirika kwa sababu ya mbuzi. "Mbuzi ni nyama tu," alisema. "Baligojea niseme iko tamu. Bote batatu balikuwa banaangalia kinywa yangu, banagojea." Tulipofika penye ufa, pale mawe yalipopasuka yakaacha shimo jembamba, alitoa kifuniko akakitumbukiza humo. Tulikisikia kikigonga mara moja. "Kifuniko ilikuwa yangu, Odette. Nilifunga na mikono yangu. Sasa kila nyama batanipatia, nitajua namna gani ni nini?" Nimekaa na swali hilo miaka yote hii, nimezeeka nalo.

Kesho yake nilikwenda kwa Muzee Safari. Alikuwa anageuza nyama. Nilimwuliza nani alihamisha kifuniko. Hakuficha, hata hakuona la kuficha. "Bwana yake njo alisema."

"Bado hajakuwa bwana yake."

"Atakuwa."

"Na kifuniko ilikuwa ya nani?"

"Ya mwanamuke," alisema, kwa upole kabisa, kama mtu anayemfundisha mtoto. "Na mwanamuke ni wa nani?" Kisha akaniuliza kama nataka kipande. Nilichukua bakuli lake la chumvi, nikalimwaga lote juu ya makala. Chumvi ilipasuka na kuruka, wateja wakasimama, naye akaniita kichaa. Sijutii. Kama bakuli lingekuwa kubwa zaidi, ningelimwaga pia.

Solange alitaka uchumba uvunjwe. Tulipanda Masisi pamoja kuwaambia wazee wake. Baba yake mdogo alitusikiliza, kikombe cha maziwa mkononi, akasema ng'ombe wamekwisha kuingia zizini na mmoja ana mimba, na kwamba hakuna ukoo unaorudisha ng'ombe kwa sababu ya sahani ya nyama. Nikamweleza tena, polepole, nikidhani hakuelewa. Alikuwa ameelewa. Nyuma ya pazia nilisikia shangazi zake wakisema kwa Kinyarwanda, ambacho nilikisikia kidogo, kwamba mwanaume anayecheka si mbaya, mbaya ni anayepiga. Uamuzi ulikuwa kwamba Solange amwombe Deo msamaha kwa kuondoka mezani mbele ya rafiki zake. Akaomba. Nilikuwepo, nikamwona akisema maneno hayo, na Deo akamwinua kwa mkono, akamwambia yamekwisha. Harusi ilikuwa nzuri. Na mtu asiniambie kwamba Deo alikuwa mume mwema, najua. Hakumpiga, alijenga nyumba, alisomesha watoto. Kila mara ninapoanza kusema neno juu yake, mtu hunihesabia wema huo, kana kwamba mimi ni mpofu. Ninachosema ni kimoja: mwanamke yule hakutia tena nyama mdomoni. Jumamosi za mwisho za mwaka ule alikuja bado nami kwenye nganda, akaketi, akala ndizi, akasema ameshiba.

Miaka baadaye, Neema, binti yao, akiwa bado mdogo, alimletea mama yake brosheti siku ya komunyo yake ya kwanza. "Mama hapendi nyama," Solange alimwambia, akamrudishia. Nilifungua mdomo. Alinishika mkono akaniingiza jikoni. "Usibaambie batoto," alisema. "Ni baba yao. Nikiwa muzima, usibaambie." Nilimwahidi. Kila krismasi, kila ubatizo, nilikaa katika nyumba ile nikimsikiliza akisema hapendi nyama, nikatimiza ahadi mpaka siku walipomfukia.

Kwa hiyo siku ya kuondoa matanga nilisimama. Niliweka sahani kwenye kiti, nikasema, "Deo, Solange alipenda nyama." Watu wakageuka. Deo alinitazama kwa huruma, akaniambia taratibu, "Mama Odette, tuko kwa matanga." Nikamwuliza kama anaikumbuka Ndosho, kwa Muzee Safari. Alikunja uso. Alitafuta kweli, nilimwona akitafuta, na hilo ndilo lililonimaliza nguvu. "Ndosho wapi?" Nikamkumbusha kwato ndani ya gazeti. Uso wake ukafunguka, akatabasamu kidogo, kwa utamu, kama mtu aliyeonyeshwa picha ya ujana wake. "Aa, ile. Ile ilikuwa muchezo ya vijana."

"Hakukula nyama tena."

"Juu ya ile?" Aliangalia watu, kisha akaniangalia mimi. "Lakini hakuniambiaka."

"Ulimuuliza?"

Padri alikohoa, mtu akaanzisha wimbo, na mama mmoja akaniongoza nje akiniambia huzuni hufanya watu waseme ovyo. Mimi sikuwa na huzuni wakati ule. Nilikuwa na hasira safi, na nilitaka kubaki nayo kidogo. Nilikuwa nimesimama karibu na tangi la maji Neema aliponifuata. Sasa ni mwanamke mkubwa, ana mabega ya mama yake, na bado huniita shangazi kwa Kifaransa chetu. "Tantini," aliniuliza, "Mama alikuwa anakula nyama?"

"Alikuwa anaitafuta mji muzima," nilimwambia. "Kuya Jumamosi."

Nilimpeleka mahali ninapopajua, kwenye mteremko wa kwenda ziwani Kituku, ambapo kijana mmoja wa Rutshuru anachoma ng'ombe vizuri. Njiani nilimsimulia yote. Hakulia, alitembea haraka zaidi. Tulipoketi, mhudumu akaja, akavitazama viti vilivyobaki. "Bamama, nani anakuya?" Neema alimtazama. "Hakuna," alisema. "Tumeisha fika. Tuonyeshe kidari." Tulikwenda nyuma, akakibonyeza kama nilivyomwonyesha, akaeleza makala yawe namna gani. Kisha akavuta kiti chake cha plastiki hadi motoni, akakaa palepale, macho juu ya nyama yake, moshi ukimpiga usoni, na wanaume waliokuwa wakingoja brosheti zao wakamzunguka bila kujua wasimame wapi. Hakuondoka hata mara moja. Nyama ilipokuwa tayari aliibeba mwenyewe hadi mezani.

Akakata ncha, ile yenye mafuta. Akaomba sahani ya tatu, akaiweka ncha pale, mbele ya kiti kisicho na mtu, na hapo ndipo machozi yalipomtoka. Mafuta yalikuwa bado yanachemka. Nilisukuma sahani ikarudi kwake.

"Kula," nilimwambia. "Mama yako hakukuwaka mutu wa kuachia nyama ipoe."